Jeto zangu za kamari zilivyokaribia kuninyima mke, Albertville ya miaka ya hamsini

Wakuu, salaam kwenu wa Kalemie, wa Kigoma ng'ambo ya ziwa, na ninyi mliotawanyika huko ughaibuni mnaoingia humu kutafuta habari za nyumbani.

Uzi huu nauandika nikiwa nimekasirika, nawaambia mapema.

Juzi kijana mmoja kaweka humu picha ya jeto ya zamani ya kamari, zile mnazoziita chips, ya mfupa, ina tundu moja karibu na ukingo. Akaandika kwa kujiamini kabisa kwamba tundu hilo ni la kutundikia ufunguo. Watu wakamshukuru kwa elimu. Mwingine akauliza kama hizo chips zinakaangwa na mayai.

Hapana jamani.

Siyo chipsi za kula, na tundu si la ufunguo. Tundu lile nalijua vizuri. Kwa sababu yake nilikaribia kukosa mke, na nusura nipelekwe polisi.

Nitakayosimulia ni kweli tupu. Kwa umri wangu sina wa kumfurahisha kwa uongo, na wote walioweza kunibishia wameshazikwa, isipokuwa shemeji mmoja ambaye hana simu. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mji wetu wa Kalemie ukiitwa bado Albertville. Sisi weusi tulikaa cité, Wazungu walikaa upande wao. Mimi nilikuwa kijana tu, dobi wa serkle.

Serkle ni ile klabu ya Wazungu. Ilikuwa na baa, uwanja wa tenisi, na chumba kimoja chenye meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Huko ndiko walikocheza karata, na badala ya kuweka noti mezani waliweka jeto. Vidude vya mviringo, vyepesi, vya mfupa au vya pembe ya ndovu, vingine vya ile plastiki ya kizamani inayonuka ukiisugua.

Kazi yangu ilikuwa kufua. Nguo za meza, suruali nyeupe za wahudumu, na kile kitambaa cha kijani ambacho hakifuliwi bali kinakung'utwa na kupigwa brashi. Kila nikikikung'uta palikuwa na kitu kinachoanguka: jivu la sigara, kiberiti, mara mojamoja jeto.

Zile nzima nilizirudisha. Naomba hilo lieleweke, maana kuna watu humu wana haraka ya kuita wenzao wezi.

Nilizochukua ni zile zilizokufa. Meneja wa serkle alikuwa na utaratibu wake. Jeto ikimeguka ukingo, au ikishukiwa kwamba kuna mjanja kaiiga, aliitoboa tundu na kuitupa kwenye ndoo ya takataka. Tundu maana yake ni hiyo. Imekufa, haina thamani, haiwezi kurudi mezani. Siku ya kwanza nilipomwuliza kama naweza kuchukua, alicheka hadi akakohoa, akaniambia nichukue ndoo nzima nikitaka.

Nikachukua.

Sijui niwaeleze vipi. Nilizipenda. Nilizifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nikazipanga kwa rangi, nikaziweka kwenye kopo la biskuti. Mzee mmoja wa baa, Mkatoliki wa kule Moba aliyekuwa amezeeka na serkle ile, alinieleza maana ya alama zake kila tulipokaa kupumzika nyuma ya jiko. Hii herufi, hii nyota, hili duara. Wenzangu walikusanya kadi za mabingwa wa baiskeli. Mimi nilikusanya jeto.

Kuna mtu chini ameshaandika "mzee fupisha". Sifupishi. Nimekaa na jambo hili mdomoni muda mrefu kuliko uliokaa wewe duniani.

Sasa mnielewe vizuri hapa, maana balaa lote limetoka kwenye neno moja.

Albertville ya wakati ule, neno jeto lilikuwa na maana nyingine kabisa. Bandarini kila mfanyakazi wa kudumu alipewa kibati cha shaba, cha mviringo, kina namba yake na kina tundu. Asubuhi unakitundika kwenye msumari pale mlangoni, wanajua umefika. Jioni unakichukua unarudi nacho nyumbani. Siku ya posho unakionyesha, unapimiwa unga, chumvi na samaki wako. Posho waligawa kwa kibati, sura yako hakuna aliyeitazama. Na kibati hicho kiliitwa jeto vilevile, kwa Kifaransa hichohicho.

Mwenye jeto alikuwa mtu. Asiye nayo alikuwa kibarua, leo yupo, kesho hayupo. Cité nzima ukisikia "ule iko na jeto", ujue anasifiwa. Ana kazi, ana posho, binti anaweza kupewa.

Na mlango ule wa bandari alikuwa anausimamia kapita mmoja, yaani mnyapara wa wafanyakazi, Papa Ramazani. Mtu mzito, mpole wa kusema, mkali wa kutazama. Ukoo wao ni wa wale Waislamu wa ziwani wa tangu zamani, kama wa kwetu.

Papa Ramazani alikuwa na binti, Zaina.

Sitawaelezea Zaina. Mkitaka kumjua mngezaliwa mapema. Niseme tu kwamba alikuwa akimpelekea baba yake chakula pale mlangoni, nami nilikuwa nikipita na furushi la nguo za mabaharia, kazi yangu ya pembeni, na furushi lile lilikuwa zito kila mahali isipokuwa pale. Tulikuwa tumeshasalimiana vya kutosha kujua kwamba kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Kwa hiyo nikamwomba shangazi yangu aende kuniposea.

Hapa ndipo nilipokosa akili.

Shangazi Faida ndiye aliyenilea, Mungu amrehemu. Moyo wake ulikuwa safi kabisa, ila mdomo wake haukuwa na breki. Kabla hajaenda aliniuliza awaambie nini kuhusu mimi. Nikamwambia awaambie nafanya kazi, nasali, sinywi. Akaona havitoshi. Akatazama chumba changu, akaliona kopo.

"Hii ni nini?"

"Jeto, Shangazi."

Ni hivyo tu nilivyojibu. Kwa sababu ndilo jina lake! Ningeiitaje? Mpaka leo nikikumbuka najiuliza kwa nini sikusema "takataka".

Akaenda. Mimi nikabaki nyumbani nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliporudi uso ulikuwa unang'aa.

"Nimebaambia!"

"Umewaambia nini?"

"Nimebaambia mutoto yetu iko na jeto. Tena si moja sawa bale bengine. Iko nayo kopo muzima!"

"Shangazi, hukusema hivyo."

"Nilisema. Nilibaonyesha na mikono, kopo kubwa namna hii. Nilibaambia ya kila rangi, yote ya namba, yote ya tundu."

"Na wao wakasemaje?"

"Balinyamaza. Balifurahi mpaka bakakosa la kusema."

Wakuu, mimi nilikaa chini.

Maana kitu ambacho Shangazi hakukijua, na cité nzima ilikijua, ni kwamba miezi ile jeto za bandarini zilikuwa zinapotea. Wafanyakazi walikuwa wanakuja kwa Papa Ramazani asubuhi mikono mitupu, wanasema zimeibiwa. Asiye na jeto anarudishwa kwenye vibarua, na posho yake inachukuliwa na mtu asiyejulikana. Mzungu wa bandari alikuwa amemfokea Papa Ramazani mbele ya watu aliowasimamia. Mtu mzima, kapita, anafokewa kama mtoto.

Halafu anakuja mama mmoja kumposea kijana, anajisifu kwamba kijana ana kopo zima la jeto zenye namba na tundu.

Fikirieni wenyewe alisikia nini.

Kesho yake akaja Idi, mdogo wake Papa Ramazani, naye ni mtu wa bandarini, mpakuzi wa mizigo. Idi alikuwa mtu wa dini kwa sauti. Akiomba mvua msikiti mzima unajua ni yeye. Alisimama mlangoni kwetu, hata hodi hakumalizia.

"Kaka iko anakuita. Baada ya alasiri. Kuya na lile kopo."

Shangazi akafurahi. Alidhani wanataka kuniona.

Nilivaa kanzu yangu nzuri. Njiani nilikuwa najua mambo mawili. Nikishindwa kujieleza, Zaina ndiyo basi tena, ataolewa na mwingine, nami nitapita pale mlangoni na furushi langu maisha yangu yote. La pili, kwa wizi wa jeto za bandari polisi wa wakati ule hawakuwa na maswali mengi. Walikuwa na kiboko.

Tulikaa kwenye mkeka, uani kwa Papa Ramazani. Yeye, Idi, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeitwa awe shahidi, Shangazi na mimi. Nyuma ya pazia la mlango niliona vidole vya miguu. Nikajua Zaina yupo.

Papa Ramazani hakunisalimia kwa urefu.

"Mwaga."

Nikamwaga.

Zikatawanyika kwenye mkeka, nyeupe, nyekundu, za bluu, za pembe zilizogeuka rangi ya chai. Papa Ramazani akaokota moja, akaigeuza, akaigonga kwa kucha. Akaokota nyingine. Nyusi zikashuka kidogo.

"Hii haiko shaba."

"Haiko shaba, Papa. Ni mufupa. Ile pale ni pembe ya ndovu. Jeto za bandari hazimo, tafuteni mpaka muchoke."

Akatafuta kweli. Hakuiona hata moja. Nilimwona anashusha pumzi, nami nikashusha yangu, nikasema moyoni, alhamdulillahi, yamekwisha.

Yamekwisha! Ndiyo kwanza yanaanza.

Mwalimu akauliza, kwa upole tu, "Sasa kama haiko ya bandari, hii njo nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Shangazi Faida akanisaidia.

"Bifungo!" akasema. "Bifungo ya kanzu!"

Mwalimu akatazama vifungo vya kanzu yake. Akatazama jeto.

"Kifungo ya tundu moja?"

Nilitamani ardhi imfunike Shangazi kwa muda mfupi, halafu imrudishe salama. Ilibidi niseme ukweli, kwa sababu nikiacha uongo ule usimame ningekuwa mwizi na tena mwongo. Nikasema ni jeto za mchezo wa karata wa Wazungu wa serkle, zimetupwa, nami nazikusanya.

Nilikwepa neno. Idi akalitafuta akalipata.

"Kamari," akasema. "Njo kamari hii! Astaghfirullah! Ndani ya nyumba ya kaka yangu!"

Mwalimu akavuta upindo wa kanzu yake usiguse jeto.

Mnaona nilipofika? Ili nisiwe mwizi ilibidi niwaonyeshe jeto. Nikishawaonyesha, nimekuwa mcheza kamari. Baba gani Mwislamu wa mji ule angempa binti mcheza kamari? Afadhali mwizi, mwizi anaweza kutubu Ijumaa moja.

Nikaamua kueleza. Nilidhani nikiwaeleza kila kitu, wataona mtu anayependa vitu vya zamani. Hili ndilo kosa ambalo ninyi wakusanyaji wote mnalifanya, mnadhani watu wanataka kuelezwa.

Nikaanza na tundu. Nikawaambia jeto ikishatobolewa imekufa, haichezeki, ni mfupa tu kama mfupa mwingine.

Papa Ramazani akaitikia kwa kichwa polepole. Nikapata moyo.

Nikawaonyesha zile herufi mbili zilizosukwa pamoja, kwamba ni alama ya serkle, ili jeto ya nyumba moja isiletwe kwenye nyumba nyingine. Nikawaonyesha zilizo na namba na zisizo na namba, kwamba zisizo na namba thamani yake wanakubaliana mezani, ndiyo maana Wazungu wanagombana. Nikawaonyesha za pembe, zile duara ndogo ndani ya duara, kwamba zinachongwa kwa mashine inayozunguka na mwigaji wa kisu hawezi kuzipata sawasawa. Nikawaonyesha kinyota kidogo, kwamba hizo ni za toleo la pili, zilitengenezwa baada ya za kwanza kuigwa.

Nilikuwa nimenoga. Jasho linatoka, mikono inaenda.

Mwalimu akanyooshea kidole moja ya gamba la chaza, inayong'aa, yenye umbo la samaki. Hiyo alinipa Mgriki mmoja mfanyabiashara, bure, kwa sababu nilimrudishia saa yake aliyoisahau kwenye suruali.

"Na huyu samaki?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na yule mzee wa baa. Kwamba Wafaransa jeto waliiita pia fiche. Waingereza wakasikia fish, yaani samaki, wakaanza kuchonga samaki. Neno moja limesikiwa vibaya, na tazama, watu wamechonga samaki miaka na miaka.

Niliona limemfurahisha mwalimu. Karibu atabasamu.

"Basi iko anajua mpaka kamari ya Kiingereza," akasema Idi.

Tabasamu likakatika.

"Kaka, usikilize," Idi akaendelea. "Muntu hachezi, anajua hii yote? Mimi sichezi. Je, mimi najua nyota ni nini, samaki ni nini? Sijui kintu! Muntu anajua kintu ya kazi yake."

Na Papa Ramazani akaitikia kwa kichwa tena, ila sasa kwa upande wa Idi.

Jamani. Jamani! Kila nilichokijua kilikuwa msumari. Ningekuwa mjinga ningekuwa salama. Nilikaa pale na elimu yangu yote imenizunguka kwenye mkeka, sina mahali pa kuificha.

Mwalimu, kwa haki yake, alitafuta njia. Akasema kuna namna ya kujua. Kama kijana hachezi, basi hata kama anajua alama, mchezo wenyewe hawezi kuujua. Aulizwe.

"Ndiyo!" Idi akadakia. "Atuambie vantean inachezwa namna gani!"

Wakati ule sikulitilia maanani kwamba Idi aliutaja mchezo ule wa karata kwa jina lake. Nilikuwa nimechoka, nimekasirika, nataka kwenda nyumbani.

Na ukweli, wakuu, mchezo sikuujua. Sijui mpaka leo. Chumba kile nilikiingia asubuhi kukung'uta kitambaa, hakuna Mzungu aliyenikaribisha kukaa. Nikaokoteza yale niliyowahi kuyasikia jikoni.

"Wanatafuta ishirini na moja," nikasema. "Wanagawa karata. Ile yenye sura ya mfalme ni kumi. Na ile ya asi, yenye alama moja tu, nayo ni kumi..."

"Asi haiko kumi!"

Alikuwa Idi.

Alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye mkeka, uso umemkunjamana kama mtu anayesikia adhana inaadhiniwa vibaya.

"Asi iko moja ao kumi na moja, unachagua weye mwenyewe! Nani amekudanganya kumi? Ukihesabu kumi utaliwa kila..."

Akakaa chini taratibu.

Mwalimu alikuwa anatazama mikono yake. Hata Shangazi alinyamaza, na hilo mlishike, kwa sababu halikutokea tena.

Papa Ramazani aligeuka kwa mdogo wake.

"Idi. Weye umejua hii wapi?"

"Nasikiaka tu, kaka."

"Unasikiaka wapi?"

"Bandari. Bale batoto ya bandari, saa ya kupumzika. Banachezaka."

"Banacheza na nini? Bale bantu hawana feranka mufukoni."

Idi akaanza kunyoosha mkeka kwa kiganja.

Papa Ramazani alikuwa bado ameshika moja ya jeto zangu, ile nyekundu. Aliitazama muda mrefu. Niliona akili yake inafanya kazi, neno linageuka kichwani mwake upande wa pili.

"Jeto," akasema. "Munacheza na jeto."

Kisha akanyoosha kiganja.

"Toa."

Kesho yake ilikuwa siku ya posho. Ndiyo maana Idi alikuwa nazo mwilini. Aliingiza mkono ndani ya kanzu akazitoa, vibati vya shaba vimefungwa kwenye leso, namba za watu wengine. Wanaume walizicheza, wakaliwa, wakaona aibu kusema wameliwa, wakaja kwa kapita wao kusema wameibiwa. Na Idi akawa anakula posho zao.

Papa Ramazani aliziweka kwenye mkeka kando ya zangu. Akajifunika uso kwa mkono mmoja. Huyo ndiye mdogo wake aliyemtuma kuniita.

Sasa nyinyi mnaosoma mnadhani hapo nikaombwa radhi.

Nikangoja. Kweli nilingoja. Mwalimu akatazama paa la nyumba. Idi akatazama mkeka. Papa Ramazani alipotoa mkono usoni macho yalikuwa mekundu, na heshima yake yote ilikuwa imelala pale kwenye leso. Nilimhurumia, sitasema uongo. Lakini nilikuwa nimeitwa mwizi na mcheza kamari mchana mmoja, mbele ya mwalimu, mbele ya msichana niliyemtaka. Neno moja tu. Pole lingetosha.

Alikohoa. Akasema, kwa sauti yake ile nzito:

"Basi. Asumani, tumekusamehe."

Wakuu.

Tumekusamehe!

Shangazi Faida akanyanyua mikono juu, "Aksanti Papa, aksanti sana!" Mimi wa kusamehewa, na shangazi yangu anashukuru! Nilianza kuokota jeto zangu. Nilikuwa ninaondoka. Nawaambia kweli, nilikuwa nimeshakata shauri. Nilimpenda Zaina, ila sikuona nitawezaje kuingia kwenye nyumba ile kila sikukuu, kwa watu watakaonitazama kama mtu aliyehurumiwa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Munamusamehe nini?"

Papa Ramazani akageuka. Binti hakusema kwenye kikao cha wanaume, siku zile haikuwa desturi hata kidogo.

"Zaina, ingia ndani."

"Niko ndani, Papa. Nauliza tu. Munamusamehe nini? Hakuiba. Hakucheza. Mumemutukana tangu alasiri, sasa munamusamehe." Nikadhani amemaliza. "Mumuulize yeye. Mumuulize kama iko anatutaka bado."

Nikasikia mtu anapondaponda muhogo nyumba ya tatu.

Papa Ramazani alikaa vilevile, mgongo wake kwetu. Mtu ambaye bandari nzima ilikuwa inamngoja anyooshe kidole ndipo ipite. Kisha akanigeukia, na sauti aliyotumia sikuwahi kuisikia kwake kabla wala baada.

"Umesikia. Unatutaka?"

Nilikuwa na jeto mikono miwili, sikuwa hata na mkono wa kufutia macho. Nikasema ndiyo.

Shangazi akauliza harusi ni lini.

Haya. Hiyo ndiyo habari ya tundu. Yule kijana wa ufunguo natumaini amesoma mpaka hapa.

Funzo nililopata, na liko wazi. Ukimtuma mtu akusemee, usimwachie neno lenye maana mbili, hata kama anakupenda. Hasa kama anakupenda. Na ninyi wakusanyaji, ukiulizwa unachokusanya, jibu kwa ufupi, ukae kimya.

Jeto nyingi zilipotea miaka ya vurugu tulipokimbia na nguo za mwilini. Zilizobaki ni chache, ziko hapa mezani, na bei msiniulize. Atakayeandika "mzee unauza ngapi" simjibu. Wengine karibuni, hasa wenye wazee waliofanya kazi kwenye serkle za miji mingine. Nataka kujua kama na kwao meneja alitoboa au alikata ukingo. Nataka sana kujua.

Idi alikula wali wa harusi yangu kuliko mtu yeyote. Papa Ramazani alizikwa akiamini kwamba alinisamehe, na katika ukoo ule mzima hakuna mtu aliyewahi kuniambia samahani kwa siku ile. Mpaka leo wajukuu wao wananiita Babu Kamari.

Zaina alifariki mwaka juzi. Nilipokuwa ninagombana na watu, na nimegombana na wengi, yeye ndiye aliyekuwa anauliza kwanza, huyu amefanya nini. Sasa hakuna wa kuuliza. Ndiyo maana mnaniona humu kila siku nabishana na ninyi.